Ganda la Korosho Limetufikisha Mezani

Alhamisi, Julai. Newala.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata mikorosho ya jirani sikuiona, na baridi ilikuwa ile inayopenya kanga mbili. Sasa jua limezama, nimerudi kutoka Masasi, na mwili wote bado unanichemka. Chakula kimenishinda. Baba Swaumu, mume wangu, ameniuliza mara mbili kama naumwa.

Siumwi. Tumesikilizwa!

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaobangua korosho hapa Newala. Tunanunua korosho ghafi, tunazipika kwa mvuke ganda lilegee, tunazibangua, tunazikausha, tunazimenya. Mwenyekiti wetu ni Mama Anjelina, mwanamke asiyejua kunong'ona. Mwaka jana mnunuzi wetu wa nje alitutumia ujumbe kwamba sheria za biashara huko kwao zinabadilika. Bidhaa zinazoingia zitaanza kuulizwa zimetoa moshi kiasi gani tangu zinakotoka, na yeye hataki kusubiri aulizwe. Hatanunua tena korosho iliyopikwa kwa kuni za msituni.

Siku ile banda letu la kubangulia lilitaka kupasuka kwa kelele.

"Wao wana viwanda, wana ndege, wameichafua dunia nzima," alisema Mama Anjelina. "Leo ndio wanakuja kuhesabu moshi wa jiko langu?"

Nilimuunga mkono, na mpaka leo naona ana haki. Lakini hasira haiuzi korosho. Tukimpoteza yule mnunuzi tunafunga banda, na kuna wenzetu ambao nje ya banda lile hawana kazi nyingine.

Basi tukajaribu kupikia maganda yenyewe ya korosho. Mungu wangu! Ganda lina mafuta makali, na moshi wake ulitutoa bandani tukikohoa kama wagonjwa, macho mekundu. Tulitaka kuacha. Aliyetuokoa ni fundi mmoja wa Ndanda, aliyetujengea tanuri lenye bomba refu la moshi na milango midogo ya kuingizia hewa. Aliharibu mara kadhaa, akabomoa, akajenga upya bila kununa. Tangu mvua ziishe hatujanunua hata mzigo mmoja wa kuni.

Sasa ndiyo leo.

Masasi kulikuwa na mkutano. Afisa wa biashara, Bi Neema, alikuja kukusanya maoni ya watu wa korosho, kwa sababu nchi inajiandaa kwenda kuzungumza na mataifa mengine kuhusu ushuru na hewa ukaa. Ukumbi ulijaa. Wapo waliotoka Chidya na Lukuledi, wengine bado wananuka salfa waliyopulizia mikorosho alfajiri. Mama Anjelina alikuja kunisindikiza tu. Alisema yeye hana maneno ya kuwapa watu wanaohesabu moshi.

Bi Neema alitueleza vizuri. Kuna nchi zimeanza kutoza bidhaa zenye moshi mwingi zikifika mpakani kwao, kama saruji, chuma na mbolea. Korosho haimo. Lakini yapo pia mazungumzo ya kupunguza ushuru kwa bidhaa zinazotengenezwa kwa njia safi, na hapo, alisema, ndipo sisi tunaweza kuingia.

Nikanyoosha mkono.

Nikasema korosho yetu inavuka bahari ikiwa ghafi ili ikabanguliwe, kisha inavuka bahari nyingine ili ikaliwe. Na zipo nchi zinazotoza kidogo korosho ghafi, lakini ukiwapelekea iliyobanguliwa wanakukaba. Yaani ushuru wenyewe unaisukuma korosho ikazunguke dunia! Watu wakapiga makofi. Kichwa kikanivimba kidogo, nisifiche.

"Hoja ya ushuru ina nguvu, Mama Swaumu," akasema Bi Neema. "Lakini ya safari wataivunja. Meli inabeba mzigo mkubwa mno. Ukigawa moshi wake kwa kila kilo, ni mdogo kuliko tunavyodhani. Halafu watakuuliza, huko kwenu mnapikia nini? Kama ni kuni za msituni, wamekushinda."

Nilijua jibu. Nalijua kuliko jina langu! Lakini ulimi uligoma.

Kiti kikakwaruza sakafu nyuma yangu. Mama Anjelina alikuwa ameinuka. Alianza kwa Kiswahili, hasira ikapanda, akahamia Chimakonde, nami ikabidi nitafsiri.

"Anasema hatupikii kuni, tunapikia maganda. Anasema sehemu kubwa ya uzito wa korosho ni ganda. Mkisafirisha ghafi mmesafirisha na moto wetu, halafu sisi tunabaki tunakata msitu. Anasema kama kweli wanataka moshi upungue, waache ganda libaki hapa, na korosho iliyobanguliwa hapa ipite kwao bila kukabwa."

Kisha mzee mmoja wa Lukuledi akapiga benchi kwa kiganja, na ukumbi mzima ukalipuka.

Bi Neema alishuka jukwaani mpaka tulipokuwa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Hili la ganda sijalisikia likisemwa hivi katika vikao vyetu. Mwezi ujao wanaokwenda kuzungumza watakutana Dar es Salaam kujiandaa. Mtakuja, nyote wawili, mlieleze wenyewe?"

Mama Anjelina alinitazama kwanza. "Nitakuja. Lakini nitasema Chimakonde, na huyu atatafsiri."

Bi Neema hakutudanganya. Alisema mazungumzo ya namna hii huchukua miaka, na kila nchi huvutia kamba kwake. Inawezekana tukasikilizwa, tukashukuriwa, na ushuru usiguswe. Najua. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi, gari likipanda mlima kuelekea Newala, na bado nilikuwa nacheka peke yangu dirishani.

Maana kwa miaka yote bei na masharti vimekuwa vikitufikia kama mvua, vinashuka tu kutoka juu. Leo kwa mara ya kwanza kuna neno limepanda kutoka kwetu.

Mama Anjelina alipoteremka karibu na kwake aliniambia nianze kujizoeza maneno ya watu wa ushuru, nisimwaibishe. Nimeanza tayari. Nimesimama jikoni, nimeongea na masufuria, Baba Swaumu kajifanya ndiye mkuu wa hao wanaokwenda kuzungumza, akaniuliza maswali magumu mpaka tukashika mbavu kwa kicheko.

Nina woga mwingi. Nitakwenda.

Ila nikishasimama mbele yao, sentensi ya kwanza niianzeje?