Mzinga wa Tano wa Marhoon

Al Amerat,
Muscat, Oman.
11 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Rahila,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nnatumai barua hii itakukuta mzima wewe, mumeo na mwanangu Bashayer, na kwamba baridi ya huko Denmark imeanza kukuoneeni huruma. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na yale mafuta ya habasoda niliyokupelekea, ulijipaka au umeyafungia kabatini kama ada yako? Sie huku alhamdulillah. Presha yangu imetulia, ila siku Yaqoob akija hupanda.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nimempa Jawaher, binti wa jirani yangu, anakuja huko kwa mumewe kesho. Kwenye grupu la ukoo siwezi kuandika neno, maana kaka yako Yaqoob yumo, na mkewe Balqees husoma mpaka kile mtu alichokwisha kufuta.

Basi kaa kitako, wifi. Nyuki wa marehemu kaka yako Marhoon wamekufa. Mizinga minne kati ya mitano, kweupe. Umebaki mmoja tu, na huo mmoja Yaqoob anautaka. Nnakuandikia ili mzinga huo ubaki hapa nilipo, ufike mwezi wa nne, migunga ichanue, wapate kula na kuzaana tena. Sina jengine ninalolitaka duniani mwaka huu.

Uniwie radhi kwa nitakayosema. Ni kaka yako, mmenyonya ziwa moja. Lakini kama Marhoon alinyonya akili, huyu alinyonya maziwa matupu.

Unaikumbuka ile video uliyotutumia mwezi wa kumi na mbili, ya jirani yako na mizinga yake ndani ya theluji, kaivisha mablanketi? Wewe ulituma tustaajabu. Sote tukasema subhanallah, tukaenda kupika. Yaqoob hakustaajabu. Yaqoob kasoma. Siku ya tatu kaja na faili. Faili, Rahila! Karatasi za rangi, mishale, picha za malkia. Tangu astaafu kule ofisini kwake hajapata mtu wa kumpa amri, kwa hiyo nyuki wakamfaa sana.

Akaniambia nyuki hulala wakati wa baridi, na sie miaka yote tumewanyima usingizi. Nikamuuliza baridi ipi. Siku hiyo nilikuwa nimeanika nguo saa nne na kabla ya adhuhuri zimekauka kau. Akanitazama vile anavyotazama watu, kidevu juu, akasema mambo haya yana elimu yake.

Elimu yake! Marhoon kafuga nyuki miaka ishirini na sita kwenye magogo ya mtende, akiwaendea na kikoi na fulana, na hakuwahi kuwa na faili. Yeye baada ya mkunazi kumaliza maua alikuwa akivuna, lakini thuluthi ya masega haigusi. Akisema hicho ni chakula cha wenyewe. Akipunguza tundu kwa udongo kidogo, wapite nyuki wawili kwa pamoja na manyigu wasiingie, kisha akiligeuza gogo lipate jua la asubuhi, na akiwawekea sahani ya maji yenye vijiwe wasizame. Basi, khalas. Hiyo ndiyo baridi yetu. Na kila asubuhi akipita kugonga kila gogo kwa kidole, taratibu, na kutega sikio. Nyuki walio hai hujibu, hutoa mvumo mfupi halafu hunyamaza. Akimaliza ndipo anapokuja kunywa chai.

Yaqoob kenda mtaa wa Ghala, kwenye karakana za AC, akanunua ile sufi ya kufungia mabomba, yenye karatasi inayong'aa. Akaja amevaa gwanda jeupe na kofia ya wavu, utadhani kaja kupulizia mende. Akayafunga magogo yote matano mpaka yakawa kama viazi vya kuchoma. Nyuki mmoja akamuuma juu ya mdomo, sijui kapita wapi. Nilimwambia pole, lakini Mungu ndiye anayeujua moyo wangu.

Kisha akasema na matundu yazibwe kabisa, kwa kitambaa cha pamba kisicho na manukato. Nabaggala, yule binti wa Kiganda anayenisaidia hapa nyumbani, alikuwa akifagia ua. Akasimama akauliza, "Mama, sasa hawa watapumulia wapi?" Wallahi, swali moja tu, na lilikuwa limetosha. Yaqoob akamwambia akatie chai. Mtu aliyekulia shamba anatumwa chai na mtu aliyekulia kwenye kiti cha kuzunguka.

Sasa sikiliza ujinga ulivyopambwa. Siku ya pili nikagonga gogo la kwanza, nikasikia mvumo mkubwa, wa hasira. Siku ya nne mvumo mdogo. Siku ya saba, kimya. Nikampigia Yaqoob. Akafurahi! Akasema kimya ndiyo dalili, wamelala. Akaandika kwenye grupu, "Alhamdulillah zoezi limefaulu," na nyinyi wote mkampelekea mikono ya makofi. Hata wewe wifi, uliweka tatu, nilizihesabu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ya kumi na mbili Nabaggala akaniita nione sisimizi, mstari mweusi kutoka ukutani mpaka chini ya magogo. Asali ilikuwa ikichuruzika. Tulipoifungua ile sufi, moto uliotoka humo sijui niufananishe na nini, mkono haukai. Masega yameporomoka, na nyuki wamejaa nyuma ya tundu, wamebanana vichwa vyote vikielekea kwenye kitambaa. Nilikaa chini palepale ardhini, na umri wangu huu. Nililia, Rahila. Nabaggala alinishika bega, Mungu amlipe.

Na mtaalamu wetu je? Kaja, kavua miwani, kaifuta, kavaa tena. Akasema kosa ni la magogo. Ya kizamani, hayapitishi hewa. Ebo! Hewa kaiziba mwenyewe halafu analilaumu gogo. Sasa anataka kununua masanduku ya mbao na malkia wa kutoka nje, na nyuki wa mzinga wa tano kuwahamishia nyumbani kwake kabla ya Ramadhani. Anasema ndugu zake mmekubali. Anasema Rahila kakubali. Ndiyo maana nikashika kalamu.

Lakini nimekwishamsema vya kutosha, na iliyobaki ni yangu. Wewe utaniuliza, kama yote hayo uliyajua, Mwanamize, mdomo wako ulikuwa wapi? Una haki ya kuuliza. Mie si mtu wa kunyamazishwa, unanijua tangu siku ya harusi yangu.

Vile vitambaa nilivichana mimi. Kitambaa cha pamba kisicho na manukato, nilikuwa nacho, kanzu ya nyumbani ya Marhoon iliyokwisha kuchakaa. Nikaichana vipande vinne, nikaziba matundu manne kwa mikono yangu, Yaqoob amesimama nyuma yangu akinielekeza. Na unajua kwa nini nilimtii? Usimwambie mtu. Yaqoob akizungumza nami sijageuka, ile sauti ni ya Marhoon. Ileile, mpaka kule kukohoa kabla ya neno. Mwaka wa pili huu sijaisikia kwenye ua ule. Niliendelea kuinama nikaziba, ili aendelee kusema. Upuuzi mtupu alikuwa akisema, na mie nikausikiliza kama khutba.

Kwa mzinga wa tano kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nikaingia ndani kutafuta. Imebaki kanzu moja tu, ile aliyoivaa Idi yake ya mwisho, imo sandukuni, bado ina udi. Nikaitoa. Nikashika ukosi nivute. Mikono ikakataa. Nikairudisha, nikatoka, nikaweka kopo lililopandwa mrehani mbele ya lile tundu, nikamwambia Yaqoob tayari. Hakuinama kutazama. Mwenye elimu hainami.

Hao wa tano wakawa wanatoka na kuingia nyuma ya kopo, wanakwenda kwenye maji, wanarudi. Nami, ile sauti ilikuwa imekwisha kuniaminisha, kila siku nikiwaangalia kwa majuto. Nikisema maskini, wenzao wamelala kwenye joto, na hawa nimewaua kwa baridi kwa sababu ya uchoyo wa nguo. Yarabi, nikiwaomba radhi wale waliokuwa wazima, na wale wanaokufa nawapita kimya kimya nisiwaamshe.

Basi ombi langu ni moja, wifi. Weye ni mdogo wao, na Yaqoob huogopa mtu mmoja tu duniani, nawe unamjua ni nani. Andika kwenye grupu kwa jina lako mwenyewe: mzinga wa Marhoon hauondoki Amerat. Maelezo usimpe. Ukimpa maelezo atayatia kwenye faili.

Ile sufi nimeitupa. Udongo nimeutia kwenye tundu vile alivyokuwa akitia yeye, na gogo nimeligeuzia jua. Masega yao sijayagusa hata moja, kwa hiyo usitaraji chupa ya asali mwaka huu. Ukisikia Yaqoob kakuletea, jua kaitoa dukani.

Nisalimie mumeo, na mwanangu Bashayer umwambie mkaza mjomba wake bado yupo, asisahau Kiswahili huko. Nabaggala anakusalimu sana, anasema ukija atakupikia matoke. Mungu akupeni afya, akuondolee hilo goti, na atukutanishe kabla hatujakutanishwa na kaburi. Amin.

Kabla sijaifunga barua hii nimetoka uani. Nimeligonga gogo, taratibu, kwa kidole. Wamenijibu. Ndipo nimekuja kunywa chai.

Wifi yako akupendaye na asiyekuficha,

Mwanamize