Kuku Wamekula?

Jumatatu, 3 Machi

Usingizi: saa saba. Hali: saba kwa kumi. Daktari aliniambia niandike hayo mawili tu kila siku. Mimi nimenunua daftari zima!

Leo nimejitia matatani. Mama kapiga simu saa mbili kasoro, kama kawaida yake, na simu yangu inapaza sauti kama mnada. "Kuku wamekula?" Karakana nzima ya miwani imesikia. Nikajibu wamekula, Mama, wote. Maana yake nimekunywa dawa. Fumbo kalitunga mwenyewe, mwaka wa pili huu, asubuhi na jioni haachi, kwa sababu anakaa na Shangazi na mdomo wa Shangazi hauna mlango. Tena jina la ugonjwa wangu, baipola, huu wa hisia kupanda na kushuka, linamshinda. Siku ya kwanza alidhani ni dawa ya mende.

Basi Mapokezi — dada wa meza ya mbele, anayejua habari za kila mteja hata kabla ya kujua namba ya miwani yake — akadakia: kumbe unafuga! Badala ya kucheka na kuyamaliza, nikasema ndiyo. Wangapi? Kumi na wawili. Kumi na wawili! Na mimi nakaa ghorofa ya tatu!

Ameagiza trei ya mayai.

Jumanne, 4 Machi

Saa saba na nusu. Saba.

Mrefu naye anataka trei. Ndiye mpima macho wetu. Akimwinamia mteja utadhani anatafuta kitu kilichodondoka.

Nimenunua mayai dukani. Yana mhuri mwekundu, kila moja! Nimekaa jikoni nayasugua kwa dawa ya kusafishia lenzi na kile kitambaa laini cha kazini. Yameng'aa, kilichobaki ni kuyatia kwenye fremu. Nimecheka peke yangu mpaka jirani kagonga ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mrefu kaja na yai moja mkononi, mhuri umebaki nusu. Kaniuliza kwa upole kabisa kama kuku wangu wanapiga mhuri. Nikamwambia wana nidhamu. Kacheka mpaka kakaa chini. Sijui ameamini au amenisitiri. Hakuuliza tena.

Jumamosi, 8 Machi

Saa sita. Hali: nne.

Kaja mteja, mwalimu wa hesabu, shati limefungwa vifungo kombo. Anataka miwani saba, moja kwa kila siku ya wiki, kila moja rangi yake. Anaongea bila kumeza mate. Kamsifu Mapokezi, kamkumbatia Mrefu, kaanza kutufundisha sehemu na desimali. Nikaitwa kumpima umbali wa mboni. Nayajua macho yale. Niliyaona kwenye kioo cha bafuni kwangu, mwaka ule niliponunua viatu jozi kumi na moja, vingine hata si saizi yangu.

Alipotoka tu, Mapokezi kazungusha kidole kwenye paji la uso. Huyo nati zimelegea, kasema. Mtu wa namna ile angekuwa mfanyakazi mwenzake, angeacha kazi siku hiyo hiyo. Kasema huku anacheka, anatafuna yai la kuchemsha. Yai langu!

Imeniuma. Imeniuma sana, maana yule dada nampenda. Kule nilikofanya kazi zamani niliwaambia ukweli, nikidhani ni uungwana. Wakanitoa kwenye mashine ya kusaga lenzi, wakanipa kufuta vumbi. Hata mkasi walinificha. Nikiuomba nikate utepe wa gundi, naletewa utepe umeshakatwa. Sirudii tena. Hapa nina mashine yangu, na stuli yangu, na watu wa kucheka nao.

Miwani ya mwalimu nimesaga moja tu, ya Jumatatu. Sita nimezisukuma mwisho kabisa wa foleni.

Jumatatu, 10 Machi

Saa saba. Sita.

Mke wa mwalimu kaja, macho chini. Mumewe amelazwa, ila anaendelea vizuri, anaomba kufuta oda. Alijiandaa kwa ugomvi, nilimwona anavyoshika mkoba. Nikamwambia iliyosagwa ni moja tu, ya Jumatatu, na akitoka hospitali ataihitaji, kwa kuwa Jumatatu haina huruma kwa mtu yeyote. Kacheka, halafu kalia. Nikamletea kile kitambaa laini.

Mapokezi alikuwa anatazama yote. Baadaye kanifuata mashineni: ulijuaje usizisage? Uzoefu, nikasema. Uzoefu wa nini? Wa lenzi. Kaniangalia kama anasoma ile mistari midogo ya chini kwenye ubao wa Mrefu wa kupimia macho.

Jumatano, 12 Machi

Mapokezi anakuja kwangu Jumamosi kuona kuku! Anataka kujifunza kufuga. Nimesema sawa. Ulimi huu!

Njia ya mwongo fupi, yangu imeishia kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Basi nikapata wazo: niazime kuku wawili, niwaweke kibarazani kwenye kabati moja bovu la kuonyeshea miwani lililotupwa kazini. Kwa nini wawili? Sita! Kabati lina rafu sita. Nikampigia Mama kumweleza. Akaniuliza taratibu: "Mwanangu, kuku wamekula?" Wamekula, Mama. Umelala kwa saa ngapi? Saba. Siku hizi unanunuanunua vitu? Daftari tu. Kashusha pumzi, kasema basi huo ni ujinga wa kawaida.

Sijawahi kufurahi hivi kuitwa mjinga! Ujinga wa kawaida, kama wa watu wote!

Ijumaa, 14 Machi

Saa sita. Tano, labda sita.

Nimeenda mezani kwa Mapokezi mara tatu nimwambie. Mara ya kwanza nikaomba gundi. Ya pili, kalamu. Ya tatu nikaomba mkasi. Kanipa bila hata kuinua macho, ncha kaishika yeye, mpini upande wangu, huku anaongea na mteja. Nimesimama nao pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kukata kitu chochote.

Jumamosi, 15 Machi

Jioni, saa kumi na mbili. Naandika nimesimama jikoni, maji ya chai yanachemka.

Mapokezi yuko sebuleni. Kapanda ngazi anahema, kaenda moja kwa moja kibarazani. Viti viwili na kamba ya nguo. Banda liko wapi? Nikasema tunywe chai kwanza. Kakaa. Anasema ajabu, hata harufu hakuna.

Nitamwambia nini? Nimetoa kidonge cha jioni, kiko hapa juu ya daftari. Saa haingoji wageni.

Simu yangu inaita. Nimeiacha sebuleni! Jamani — Mama!

Kaipokea. Shikamoo, mama. Hapana, yupo jikoni, mimi ni mwenzake wa kazini. Kuku? Sijui, mama, hata mimi nimewafuata hao hao, sijawaona. Ngoja nimwulize.

Ananiita. Mama anauliza kuku wamekula?

Naogopa. Woga wa kawaida. Anaita tena. Nimemjibu kupitia ukutani: mwambie asubiri, wanakula sasa hivi. Na wewe utawaona.

Kidonge nakibeba kiganjani, kiganja wazi, naenda nacho sebuleni —