Ikombe Hawakukaa Kimya, Kaka

Kaka yangu Ambakisye,

Sikuamkii kwa "ugonile". Kwetu tunamwuliza hivyo mtu aliyelala akaamka, na huko uliko sina hakika kama kuna kuamka. Mchungaji anasema kupo. Mama anaitikia "amina", kisha anarudi kwenye ungo wake wa mchele. Mimi nimechoka kuitikia, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Nakumbuka radi ilipopiga chumba chetu cha kazi pale Kyela mjini, juu ya duka la vitambaa la baba yake Shabani. Kila zahanati ilikuwa na redio na kompyuta chakavu, na pale kwetu kila zahanati ilikuwa na kisanduku chake cha kugeuza milio ya redio kuwa maandishi. Radi iliviunguza vyote. Nililia, maana vipya vingetoka Ulaya na hakuna aliyekuwa tayari kuviagiza. Wewe ulikaa kitako sakafuni, ukakigeuzageuza kimoja kilichoungua.

"Tusa," ukasema, "hiki kinafanya nini hasa? Kinasikia amri, kinatii. Basi tuandike programu itii amri zilezile. Zahanati zitajuaje kama kisanduku kipo au hakipo?"

Ukaviita visanduku hewa. Shabani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka masomoni Dar, alicheka mpaka akashika ukuta. "Serikali inafukuza wafanyakazi hewa, ninyi mnaajiri!"

Ndani ya kompyuta moja ukaumba visanduku visivyoshikika, kimoja cha Makwale, kimoja cha Kasumulu, kimoja cha Ikombe, na vinginevyo. Amri zao zikabaki zilezile za zamani: fungua, tuma, pokea, funga. Nilipotaka kuziboresha ulinikatalia. "Ongeza mpya utakazo, lakini uziongeze pembeni. Ya zamani iache mahali pake na maana yake. Kuna mtu upande wa pili ambaye hujamwona, ameizoea."

Mimi wa Ikombe niliwaona. Ulinipeleka kwa mtumbwi siku ya kusimika waya wa redio. Ulipanda juu, na Tumpe, yule mfinyanzi mwenye sauti nene, akakushikia waya kwa mikono iliyojaa udongo, akiuliza barua itapitaje humo bila kukwama. Nesi Sekela alituma ujumbe wake wa kwanza akiwa amesimama, kwa heshima. Tulirudi na chungu ambacho Tumpe alikataa tukilipie. "Ndaga fijo," ulimshukuru, naye akasema chungu si kitu, tuangalie tu waya usikatike.

Kisha ukaanza kukonda. Ugonjwa wenyewe mama hakuutaja, na mimi sitautaja. Dawa wakati ule tulizisikia redioni tu, kwamba ziko nchi za watu.

Ulipolazwa, wafadhili wakaleta mtambo mpya mahali pa kompyuta yako, na siku ya kuuwasha wakaipanga wao. Shabani ndiye aliyepewa kazi hiyo. Hakuwa na ubaya wowote, kaka, wewe mwenyewe ulimpenda. Zahanati zote zilishapelekewa kompyuta mpya isipokuwa Ikombe. Yao ilikuwa ndani ya boksi kule Matema, kwa sababu upepo wa mwera ulichafua ziwa na mitumbwi haikutoka. Shabani aliambiwa imeshapelekwa, akaamini.

Mtambo mpya ulikuwa na desturi yake. Kabla ya kitu chochote ulimwuliza anayepiga: wewe ni toleo gani? Makwale ikajibu, Kasumulu ikajibu. Mashine kuukuu ya Ikombe haikuwahi kufundishwa swali hilo. Ikanyamaza, na mtambo ukaihesabu mbovu, ukaifungia mlango. Kipaza sauti cha redio yao kilikuwa kimekufa tangu masika, kwa hiyo hata kutuita kwa mdomo hawakuweza. Kwetu pale kiooni kulionekana kweupe tu, hakuna ujumbe. Ofisi ikasema asiye na ujumbe hana shida.

Nilikuja wodini kukugeuza upande. Hukuniuliza habari za uji wala za dripu.

"Ikombe wamejibu?"

"Bado, kaka. Wamekaa kimya."

"Wamekaa kimya, au mmewakatia?"

Nikakueleza lile swali la toleo. Ulifumba macho kwa muda mrefu mpaka mama akadhani umelala, akaniashiria nitoke. Kumbe ulikuwa unatafuta pumzi.

"Mzee wa Makwale ukimwamkia kwa Kiingereza akanyamaza, utamfukuza? Si utamwamkia kwa Kinyakyusa? Uliza swali lako. Usipojibiwa, jua huyo ni wa zamani. Mpe zile amri nne. Anachopungukiwa, mjazie wewe."

"Nitafanya kesho. Leo nakaa na wewe."

"Mimi ninaye mama," ukasema. "Nenda."

Sijakusamehe neno hilo. Nalisema wazi, maana hakuna wa kunisikia.

Nikaenda. Shabani aliponiona mlangoni alijua kuna jambo. Nilipomwambia boksi la Ikombe bado liko Matema, alikaa chini pole pole kama mtu aliyeumwa mgongo. "Dada Tusa, niliambiwa wote wameshabadilisha." Hatukugombana. Tulijenga upya kisanduku hewa cha kizamani ndani ya mtambo mpya. Kwa nje kilikuwa kile walichokizoea Ikombe, na kwa ndani kilizitafsiri amri zao na kuongeza yale ambayo mtambo mpya ulidai. Mara ya kwanza kilikataa, kwa sababu alama ya dharura ilikaa mahali ambapo mtambo mpya uliisoma kuwa urefu wa ujumbe. Tukairudisha mahali pake. Jua lilikuwa limepanda na wateja wakibishana bei ya khanga pale chini, ndipo mlio wa Ikombe ukaingia, ukafunguliwa.

Nilipiga makofi, kaka. Nisamehe makofi yale.

Mashine yao ilikuwa imetunza kila ujumbe na kuurudia bila kukoma siku zote zile. Jumbe zikaanza kushuka kwa mpangilio wake.

Wa kwanza: Mama mjamzito anatoka damu, tunaomba boti. Ni Tumpe.

Wa pili: Boti, tafadhali. Ziwa limetulia kidogo.

Wa tatu: Boti msilete tena.

Shabani akaziba uso kwa mikono yote miwili. Mimi niliendelea kusoma, kwa sababu wa nne ulikuwa unashuka: Ambakisye anaendeleaje? Hapa tunamwombea.

Nilikimbia mpaka hospitali. Nilitaka kukuambia huo wa nne tu, kwamba Ikombe wanakuulizia hali. Habari ya Tumpe ningeificha. Nilimkuta mama amekufunika khanga yake, amekaa mikono mapajani. "Amekwenda sasa hivi," akasema, kana kwamba ningekufikia nikitoka mbio.

Jioni ile ile nilirudi kumjibu Sekela, kwani mtu aliyeuliza hajibiwi kwa ukimya tena. Niliandika kwa amri ile ya zamani: Ambakisye ametutoka leo. Mashine yao ikajibu kama ilivyozoea kujibu ujumbe wowote: Imepokelewa.

Sasa sikia kilichonileta. Makampuni ya simu yameingia na mnara umesimama mjini. Vijana wa Kasumulu wanaongea na Malawi wakiwa wamekaa kwenye baiskeli zao. Shabani ameajiriwa huko kwenye simu, na simlaumu, ana watoto. Wafadhili wamesema redio ni mambo yaliyopita, mwisho wa mwezi huu mtambo unazimwa. Nimekwenda ofisini, nimekwenda mpaka Mbeya. Nimewaeleza kwamba simu haivuki mlima na Ikombe iko nyuma ya mlima. Wananisikiliza vizuri, wananipa na kiti. Kisha wanasema, "Subirini, mtandao utafika."

Nimesimama mbele yao nikatafuta maneno yako nikayakosa. Kufundisha programu ivumilie wa zamani ninaweza. Watu siwezi, kaka. Hukunifundisha, na sina wa kumwuliza.

Kesho asubuhi navuka kutoka Matema kwenda kumwambia Sekela mwenyewe, ana kwa ana. Ikombe wameniandikia kuna mama wawili wanakaribia kujifungua. Watanipokea kwa ugali na samaki, watanikalisha mkekani, watasubiri niseme nimewaletea nini. Nimekwisha kufunga mzigo na mikononi sina kitu.

Pumzika, kama huko kuna kupumzika. Mimi bado.

Mdogo wako,
Tusajigwe