Nilifuta Kadi Nilizoambiwa Nizifute

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia unisamehe kwa urefu wa barua hii, kwa maana jambo hili sijamweleza mtu kwa mdomo na nadhani sitaweza, mimi ni msichana wa Kidato cha Nne katika shule moja ya bweni hapa Tabora, nina miaka kumi na minane, na wenzangu husema kwamba nikiulizwa jina langu hujibu kwanza kwa kutazama chini.

Nina kaka anayeitwa Hilari. Alikuwa Kipalapala akisomea upadre, akaacha baada ya miaka miwili, na mama hadi leo hulitaja jambo hilo kama mtu anavyotaja msiba, lakini mimi namshukuru Mungu kwa sababu Hilari alikwenda Dar es Salaam akapata kazi katika ofisi moja kubwa yenye kompyuta, na tangu hapo kila mwezi huniandikia. Anasema chumba chenyewe hupozwa kwa ajili ya mashine hata wao huvaa sweta katikati ya joto la Dar, na yeye huketi mbele ya kitu kama taipureta chenye bunda la karatasi, anaandika amri ya mstari mmoja, anabonyeza, na mashine inamjibu palepale kwenye karatasi ileile. Maelfu ya majina ya watu yamo ndani yake, na ukiamuru TAFUTA ukataja jina, linakuja. Amri zenyewe ni za Kiingereza ila yeye amenitafsiria, ORODHESHA, TAFUTA, NAKILI, FUTA, na alinitumia kipande cha karatasi iliyotoka kwenye mashine, nimekiweka ndani ya kitabu cha fizikia na wakati mwingine nakifungua ili tu nikinuse.

Mshauri, sijui kama umewahi kutamani mahali ambapo hujawahi kufika. Mimi nikisikia treni ya kwenda pwani ikipiga honi, nahisi kama kuna mtu ameniita na sikuitika. Rafiki yangu Eustadia anajua, maana mimi ndiye mtunza maktaba wa shule na yeye hukubali kuwa mashine, namwandikia amri kwenye kikaratasi, anakwenda kwenye sanduku la kadi za vitabu, anarudi na jibu. Siku moja niliandika TAFUTA vitabu vyote vya hesabu vilivyoazimwa na walimu. Akasimama mbele ya sanduku bila kulifungua.

"Mashine imefika wapi?" nikamuuliza.

"Mashine imekataa," akasema. "Mashine inaogopa walimu."

Ofisi ya Hilari itachukua wanafunzi wachache wa kazi mwakani, nami nimetuma jina langu. Wanataka barua ya Katibu wa kijiji inayothibitisha tabia na utumishi wa mwombaji, ifike kabla ya mwisho wa Oktoba. Na hapo ndipo penye kosa langu.

Kijiji chetu ni kipya, kiko mwendo wa saa moja kutoka stesheni ya Kigwa, tulihamishiwa hapo mwaka jana. Likizo ya Desemba ndugu Masolwa, ambaye ndiye Katibu, aliniomba niandike kadi za kaya, kila mwenye nyumba alikuja kusimama mbele ya meza nami nikaandika jina, idadi ya watu, mahali alipotoka, na alichokiacha huko. Nafasi hiyo ya mwisho ni ya maana sana, kwa sababu mashamba ya zamani yatalimwa kwa trekta yawe shamba la tumbaku la ushirika, na makaburi yaliyoandikwa kwenye kadi yatawekewa miti pembeni ili dereva ayaepuke. Niliandika kwa penseli, kwani watu walikuwa bado wanahama mtaa hadi mtaa.

Likizo ya Juni nikarudi ofisini kusaidia. Katibu alikwenda mjini mkutanoni siku tatu, akaniachia kikaratasi kilichosema, "Kadi za Mtaa wa Reli zifutwe zote kabla sijarudi." Nikakisoma mara mbili. Nilijua kuna familia za Mtaa wa Reli zitakazohama tena, nikaona ni sawa, nao ulikuwa ndio wakati Hilari amenieleza kwamba katika amri zote FUTA ndiyo nzito kuliko zote, nikajiona nimepewa kazi ya watu wazima. Nikachukua kifutio nikafuta kadi arobaini na moja, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu bila kuchana hata moja, nikipuliza mabaki ya kifutio.

Katibu aliporudi alifungua sanduku. "Msomi, zile kadi umezifuta?"

"Nimezifuta, ndugu Katibu."

Akapitisha kidole juu ya kadi akanionyesha. Kidole kilikuwa chekundu. "Mbona vumbi lote liko palepale? Mchwa watatumalizia paa lote humu ndani. Chukua kitambaa."

Mshauri, alikuwa anasema vumbi. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta vumbi la sanduku. Alipokwenda kula nikaanza kuzijaza upya, nyingi nilizikumbuka, nyingine nilizisoma kwa kuiinamisha kadi dirishani nikaona alama ya penseli iliyokandamiza, lakini katika kadi tisa ile nafasi ya kilichoachwa sikuikumbuka na alama haikuonekana. Nikaandika "Hakuna."

Mwezi wa Agosti nilirudi nyumbani siku mbili kwa ajili ya mazishi ya mjomba, nikapita ofisini kumwomba Katibu barua yangu. Nikamkuta Bibi Siwema, mjane, mtu wa Mtaa wa Reli. Anatoka kando ya njia ya zamani ya misafara, mume wake marehemu Mfaume amezikwa huko, babu wa huyo Mfaume alikuwa mpagazi aliyechoka njiani akabaki hapo akalima. Bibi alikuwa amekuja kuuliza ni lini watakwenda kuweka miti kaburini. Katibu akatoa kadi.

"Bibi, kadi yako inasema hakuna ulichoacha."

"Kadi ilisema," akajibu Bibi Siwema. "Nilitaja kaburi na nilitaja hatua kutoka njiani. Niliona penseli ikienda. Na aliyeandika huyu hapa, muulize."

Katibu akanigeukia. Nikasema, "Sikumbuki, ndugu Katibu." Na ilikuwa kweli, hatua zenyewe sikuzikumbuka, lakini Mshauri, unajua na mimi najua kwamba sikuulizwa hatua.

Bibi Siwema alinitazama kidogo tu. Kisha akasema, "Basi labda ni mimi. Uzee huu." Akajifunga khanga yake vizuri, akatuaga, akaondoka, nami nikapewa ahadi ya barua yangu katikati ya Oktoba.

Trekta inakuja mwanzoni mwa Novemba. Nikisema, sitapata barua, na bila barua sitakiona kile chumba cha baridi maisha yangu yote. Nisiposema, sijui. Naogopa pia kwamba mtu aliyefanya niliyoyafanya hafai kabisa kukaa mbele ya mashine yenye majina ya watu. Tafadhali nijibu, na jina langu usilitoe.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi, Tabora


JIBU

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Kabla sijashika kalamu hii nilifanya kazi miaka tisa kwenye mashine za simu za maandishi, kwa hiyo ile harufu ya karatasi unayoinusa ndani ya kitabu chako naijua. Tamaa hiyo si dhambi. Usiitubu. Tubu mengine.

Nianze na neno. Kufuta ni kufuta vumbi na kufuta ni kufuta maandishi, na hata mimi kikaratasi kile kingenikwaza. Mwambie Katibu wako kuanzia leo vumbi lipanguswe. Lakini neno likiwa na njia mbili, mtu huuliza, na wewe ulikuwa na siku tatu za kuuliza. Ungeweza hata kumngoja. Haya zako, binti, watu huzisifu, lakini siku ile zilikugharimu, na gharama yenyewe analipa Bibi Siwema.

Kaka yako amekufundisha amri nne akasahau kukufundisha desturi zake, au alikufundisha wewe ukakimbilia ile nzito. Mwendesha mashine anayejiheshimu, kabla ya kuamuru FUTA huandika mstari uleule akianza na ORODHESHA, akatazama kwa macho yake ni nini kitakachoondoka. Wewe ungeuona Mtaa wa Reli mzima umelala mezani, na ungejiuliza: ni kijiji gani kinachofuta mtaa mzima wa watu walio hai? Na kabla ya hapo hunakili, na nakala huiweka nyumba nyingine, isiwe chini ya paa lilelile lenye mchwa. Na siku moja moja huichukua ile nakala akajaribu kurudisha kazi kutoka humo, kwa maana nakala isiyojaribiwa ni dua tu. Na kila amri aliyoitoa huibakiza kwenye karatasi, saa na jina lake, hata ile ya aibu. Hasa ile ya aibu. Muulize Hilari kama ofisini kwao kuna anayeruhusiwa kuchana kile kipande cha karatasi chenye kosa lake.

Sasa kosa kubwa. Hukukosa zaidi pale ulipofuta. Ulikosa pale ulipoandika "Hakuna." Kadi tupu ingemwambia Katibu kwamba haijui, naye angeuliza. Wewe ulichukua usilolijua ukaliandika kwa mwandiko mzuri kama mtu anayejua, na kadi tisa zikaanza kusema uongo kwa niaba yako. Kisha ukamwacha mwanamke aliyesema kweli aondoke akidhani akili yake ndiyo iliyofutika. Hilo, binti, hata kama trekta lisingekuwepo, lingekutosha kukupeleka nyumbani.

Unasema mtu kama wewe hafai kukaa mbele ya mashine. Sikubaliani nawe. Sijapata kuona aliyefaa ambaye hajawahi kufuta kisichofutwa. Asiyefaa ni yule aliyefuta akanyamaza. Bado hujaamua wewe ni yupi.

Fanya hivi. Omba ruhusa shuleni, sema ni jambo la kwenu na ni la kweli. Panda treni hadi Kigwa. Usianzie kwa Katibu, anzia kwa Bibi Siwema. Mwamkie, akikuitikia mwambie kwa sentensi moja: bibi, ulisema na mimi niliandika, kisha nilifuta mimi. Usilie kabla hujamaliza, kwa sababu ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, na siku hiyo si yako ya kubembelezwa. Kisha mwombe aseme upya, hatua ngapi na kutoka wapi, na andika kwa wino, umsomee, aitikie. Nenda na wale wengine wanane vivyo hivyo. Halafu wapitie wote thelathini na wawili waliobaki, msomee kila mmoja kadi yake, maana hata unayodhani umeyakumbuka huyajui mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Ile kadi ya zamani usiitupe. Ipigie mstari mmoja unaosomeka, andika tarehe na jina lako.

Ndipo uende kwa ndugu Katibu na kadi mkononi. Akikasirika, ana haki. Akikunyima barua, pia ana haki, na mwakani utaomba tena ukiwa na kazi ya kuonyesha badala ya sifa. Lakini nimeishi na makatibu wengi, na nakwambia anayeletewa kosa pamoja na dawa yake hupungua hasira kabla ya chai. Mwombe nakala za kadi zote zikae kwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwombe akutume wewe na Bibi Siwema mkaweke ile miti, yeye ahesabu hatua na wewe uandike.

Majina yote humu nimeyageuza. Hata hivyo Katibu anayekijua kikaratasi alichokiandika atajitambua kwa mstari mmoja, na gazeti hili husomwa kwa sauti kwenye vituo vya reli. Kwa hiyo jibu hili nililitia posta kwenda shuleni kwako, kwa anwani uliyoniandikia, siku kumi kamili kabla ya kulitoa hapa. Siku kumi zinatosha kwa mtu mwenye haya kusema sentensi moja. Wewe msomaji mwingine unayelisoma leo, fahamu kwamba Bibi Siwema ama ameshaambiwa ukweli na binti mwenyewe, ama atasomewa na jirani.