Kibangwa cha Babu

Uswidi,
9 Novemba 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na Mjomba Mageni na majirani wote wa hapo Ushirombo. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya hospitali ya Kolandoto imesaidia? Mimi mwili ni mzima. Huku baridi imeanza, na jua linakuja kama mgeni mwenye haraka: saa kumi jioni limeshaaga.

Barua hii anakuletea Maganga mwenyewe. Kwa kuwa dada Anisia ameolewa Kagongwa na hayupo hapo kukusomea, najua ni Maganga atakayekusomea, kama alivyokuwa akikusomea barua za marehemu baba kutoka mgodini Geita, mimi nikiwa nimekaa chini namenya karanga na kumwonea wivu. Umpokee vizuri. Alikuwa mwanao tangu mama yake, Mama Mdogo Salvina, alipofariki, na bado ni mwanao, ingawa anarudi bila mkono wa kulia.

Ile barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Unasema Mjomba Mageni amekueleza kwamba marehemu babu amekasirika, kwa sababu ulichukua kibangwa chake, kile kipambo cha gamba la baharini cha kuvaa mkononi, ukakificha kwenye mfuko wa michembe ya viazi, ukamtumia Maganga bila kumwuliza yeye Mjomba anayetunza vitu vya wazee, na bila tambiko. Unasema usingizi umekuacha, na kwamba mkono wa Maganga umeukata wewe. Kwa hiyo leo nitakueleza kazi yetu ilivyokuwa.

Pale kiwandani kuna roboti, yaani mkono mkubwa wa chuma unaojiendesha wenyewe. Kazi yake ni kunyanyua vipande vizito vya trekta kutoka kwenye sinia la chuma na kuviweka kwenye mashine ya kutoboa. Tatizo ni kwamba sinia halikai mahali pale pale kila mara. Huja limesogea kidogo au limepinda. Basi juu yake imewekwa kamera, na kwenye sinia zimepakwa alama tatu: duara jeupe lenye doa jeusi katikati. Kamera inazitafuta alama, roboti inapima sinia limehama kiasi gani, kisha inarekebisha mwendo wake. Mimi ndiye niliyefundishwa kuiandikia maelekezo hayo. Nilijiona sana, Mama, na Maganga alizoea kunitania kwamba nimekwenda Ulaya kuchunga ng'ombe wa chuma.

Maganga kazi yake ilikuwa kulisha masinia na kufuta alama, maana mafuta na masizi huzifunika. Kamera isipoziona zote tatu, mkono unasimama. Hapo Maganga aliingia ndani ya uzio unaoizunguka roboti na kitambaa chake, akafuta, akatoka, akabonyeza kitufe cha kuanzisha. Alifanya hivyo mara ishirini kwa siku. Sisi wote tulijua kwamba mkono ukisimama kwa kukosa alama, hauna madhara zaidi ya jiwe.

Siku ile, tarehe kumi na nane Septemba, mkono ulisimama, Maganga akaingia kufuta. Mkono ukamshukia ukambana kiganja na kifundo juu ya sinia. Nilikuwa hatua tano kutoka pale. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Wakaguzi walikuja mchana huo huo. Waliikagua mashine wakaikuta sawasawa, wakaandika kwamba haiwezi kuanza yenyewe, hivyo lazima mfanyakazi alibonyeza kitufe kisha akaingia, kwa uzembe. Karatasi hiyo imetangulia kufika kule nyumbani kwenye chuo cha ufundi cha misheni walikomwahidi kazi ya ualimu. Sasa wanasita kumpokea, kwa kuwa nani atampa mtu mzembe vijana awafundishe mashine?

Nilipomtembelea hospitalini alinishika kwa mkono uliobaki, akaniuliza, "Gelasi, nisaidie kukumbuka. Hivi nilibonyeza?"

Nilimjibu, "Sijui, kaka."

Mama, Maganga akinyamaza hapa, usimhimize. Mwache apumue, kisha aendelee.

Kaka Maganga, najua sauti inayosoma ni yako. Nimekusaidia kufunga sanduku lako nikashindwa kukuambia, nikakupa habari za hali ya hewa. Sasa soma. Hukubonyeza. Asubuhi ile msimamizi alinikaripia mbele ya watu kwamba roboti yangu inasimama kila dakika. Nikaona aibu. Nikabadilisha maelekezo: isisubiri tena alama tatu, ikiona moja tu iendelee na kazi bila kungoja kitufe. Nilitaka ipite siku nzima bila kusimama ndipo nijisifu kwako wakati wa chai. Sikukuambia. Ulipoingia, alama zote zilikuwa zimefunikwa na masizi, lakini uliponyoosha mkono, mkono wa shati ulipanda, na kibangwa cha babu ulichokivaa kikatokea: duara jeupe, na ile shanga nyeusi katikati. Kamera ikakiona. Ikafanya nilichoiandikia.

Wewe ukipakiwa kwenye gari la wagonjwa, mimi nilirudi nikayafuta maelekezo yangu na kurudisha ya zamani. Ndiyo sababu wakaguzi waliikuta sawasawa. Walipouliza kama kuna aliyeigusa, nilisema hakuna.

Jana nimempelekea mkuu wa kiwanda maelezo haya haya, yenye sahihi yangu, na nakala nimewatumia wa chuo. Nadhani watanifukuza, au zaidi. Nisingeweza kukuacha umsomee Mama barua nyingine yenye uongo wangu.

Mama, lala. Babu hana hasira nawe, na kibangwa hakina kosa. Ulimtumia mwanao kitu cha kumlinda. Mwambie hivyo Mjomba Mageni, na umpe heshima zangu, na Anisia pia umsalimie. Mengine sina haki ya kuyaomba. Kama Maganga ameisoma mpaka hapa, mpe maji ya kunywa, na umshikie kikombe ikiwa mkono wa kushoto bado haujazoea.

Mwanao niliyemkosea mwanao,
Gelasius