Mama Naye Kaanza Chuo

Baba watoto na watoto wangu,

Mboga imo kwenye sufuria, pasheni tu. Gesi mfunge, si kama juzi.

Wadogo, jana mlilala kabla sijawaambia: leo naanza chuo, kile cha masista. Nilimsindikiza dada yenu kwenye usaili. Yeye anaulizwa, mimi najibu! Sista akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, si na wewe uje usomee ualimu wa chekechea?" Mzazi akisoma na mwanawe, mmoja analipa nusu ada. Na wahitimu wao hawakai mtaani sana, kazi wanapata.

Baba watoto, jana uliniuliza kama naenda kufundisha chekechea au kuandikishwa chekechea. Ulicheka peke yako, mimi nikalala nimenuna. Asubuhi nakuta viatu vyangu mlangoni vimepigwa rangi vinang'aa, na kalamu mpya imechomekwa ndani ya kimoja. Na wewe unakoroma kama hujui lolote. Asante, mume wangu.

Na wewe binti, mwanachuo mwenzangu: ~~ukinikuta kule jifanye hunijui~~ ukinikuta kule niite Mama, tena kwa sauti.

Mama yenu,
mwaka wa kwanza