Mbio Zangu Hazileti Msiba

Jumapili, jioni. Upepo wa kusi umevuma mchana kutwa na mchanga umeingia mpaka kwenye ugali. Miguu inaniuma, sauti imekauka, na nina hasira ambayo sitaki ipoe kabla sijamaliza kuandika.

Leo nimekuwa mwanamke wa pili kwenye nusu marathon ya wilaya, ile iliyoishia Olumbi. Anayekwenda kukimbia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, ni wa kwanza peke yake, kwa hiyo siendi. Ningefunga mdomo wangu ningeshinda. Hilo najua kabisa.

Na sijuti.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, kwa ajili ya wewe unayesoma na hutujui. Kwetu mtu mzima hakimbii barabarani. Mtoto akikimbia sawa, mchezaji uwanjani sawa. Lakini mtu mzima wa kijiji akionekana anakimbia kati ya nyumba, basi kuna aliyekufa, na yeye ndiye aliyetumwa kuleta habari. Wanawake wanavuta kanga kichwani kabla hajafungua mdomo. Mgeni akikimbia hakuna anayeshtuka, maana mgeni hana habari zetu.

Mimi ni mpishi kwenye kambi ya wapima barabara, hao waliokuja baada ya gesi kupatikana baharini. Kwenye televisheni ya kambini ndiko nilikowaona wanawake wa umri wangu, wengine wananizidi, wakikimbia mji mzima huku watu wanawapigia makofi. Nikajiambia, kumbe inawezekana. Nikaenda sokoni kupekua mafungu ya calamidade, yaani mitumba, nikapata raba nyekundu, ya kushoto inabana kidogo. Nikaanza kukimbia alfajiri kabla ya kwenda kuwasha moto wa kambi.

Mwanzoni nilizunguka nje ya kijiji, kwenye njia ya mashamba. Mwezi wa sita watu wa kampuni ya gesi wakaweka uzio kwenye njia ile, sijui wanapima nini, nikalazimika kupita barabarani, katikati ya nyumba.

Sasa kuna mama mdogo Mwanaesha. Ni mdogo wa marehemu mama yangu na ndiye aliyenilea. Mwanawe Sumail anafanya kazi kwenye meli ya watu wa gesi, huko mbali ambako nchi kavu haionekani. Helikopta ikipita, mama mdogo hutoka nje kutazama inaelekea wapi. Asubuhi ya kwanza niliyopita barabarani alikuwa anafagia uwanja akaniona napita mbio, kichwa nimejifunga, uso mweupe wa msiro, unga wa mti, niliojipaka nisiungue jua. Mimi sikumwona. Nikaendelea na safari yangu.

Niliporudi nikakuta msiba.

Mikeka imetandikwa, wanawake wanalia, wanaume wamesimama pembeni, mmoja kashatumwa kutafuta sanda. Nikauliza ni nani. Wakasema Sumail. Nikaanguka palepale nikalia kuliko wote, maana mimi na Sumail tumelala mkeka mmoja utotoni. Nililia mpaka mama Zaina, wa nyumba za mwanzo wa kijiji, akaniinamia akaniuliza kwa upole, "Mana Somoe, dada yangu, wamekwambia kafaje?"

"Nani aniambie? Si mmeniambia ninyi?"

Wakatazamana. "Si wewe ndo ulopita mbio na habari?"

Siku hizi watu wanakicheka kisa hicho. Siku ile hakuna aliyecheka. Mama mdogo alikuwa amezimia, na alipozinduka hakutaka hata kuniangalia. Enzi za vita, habari za kifo cha mume wake zilifika hivyohivyo, zikiletwa na mtu aliyekuja mbio. Mjomba Rachide, mkuu wa ukoo wetu, akaita kikao cha ukoo akakata shauri: nikimbie huko nje nitakavyo, lakini kutoka mikorosho ya mwanzo wa kijiji mpaka kisimani mwisho wake, nitembee. Nikakubali kwa ajili ya mama mdogo. Kwa ajili ya mjomba nisingekubali hata kidogo.

Basi muda wote wa mazoezi ikawa hivyo. Nafika mikoroshoni naacha mbio, natembea kama naenda kuchota maji, nikifika kisimani naanza upya na mwili umeshapoa.

Na hapo ndipo hasira ilipoanza kuchemka. Maana wakati natembea kwa adabu, magari ya kampuni yananipita kwa kasi na vumbi linaingia mpaka kwenye mitungi ya watu. Yameshagonga mbuzi, yameshagonga baiskeli, na hakuna aliyeyaitia kikao. Tangu gesi ije kila kitu kwetu kinakwenda mbio: magari, helikopta, bei ya samaki, watu wanaoulizia mashamba. Anayetakiwa kutembea ni mmoja tu, Somoe na raba zake za mtumba.

Kisha likapita gari la vipaza sauti kutangaza corrida, yaani mbio za wilaya, na fulana za bure. Njia ya mbio inakata katikati ya kijiji chetu. Nikaenda kumwona mjomba kwa heshima zote.

"Wageni wakimbie," akasema. "Wewe wa kwetu, utatembea."

"Mjomba, ni mashindano."

"Ndo utembee upesi upesi."

Mama mdogo alikuwepo. Alinitazama tu, na jicho lile limenikosesha usingizi kuliko maneno yote ya mjomba.

Leo nimekimbia vizuri. Nilitaka kuandika kwamba sijisifu, lakini acha nijisifu, shajara ni yangu. Nilianza polepole, nikawaacha waliotoka kwa fujo wajichokee wenyewe, kisha nikaanza kuwaokota mmoja mmoja. Wanawake wote walibaki nyuma yangu. Aliyenikaribia alikuwa msichana wa klabu kutoka Pemba, mwenye miguu mirefu na pumzi isiyosikika. Wafanyakazi wa barabara walinipigia kelele, "Força, mana! Força!" yaani kaza, dada, kaza. Nilijiona kama mmoja wa wale wa kwenye televisheni.

Mikoroshoni alisimama mjomba Rachide, kanzu nyeupe, mkono juu.

"Tembea, Somoe!"

Na mimi nikatembea. Aibu iliyoje. Miguu yenyewe ilisimama, imeshazoea. Nikawa natembea kwenye mashindano, namsikia yule msichana anakuja nyuma. Ndipo likapita gari la wapiga picha wa kampuni, honi juu, mwendo wa kuua mtu. Mjomba akaruka pembeni, akakung'uta vumbi kwenye kanzu yake, akalipungia mkono.

Akalipungia mkono!

Nikakimbia.

Kwenye nyumba za kwanza tu niliona kanga zinavutwa kichwani. Walijua ni mashindano. Walikuwa wamesikia vipaza sauti, wamewaona wanaume wageni wakipita tangu mapema. Haikusaidia kitu, kwa sababu waliyemwona sasa ni mimi, mtu wa kwao. Mama Zaina alishaweka mikono kichwani na mdomo umeanza kufunguka. Niliuona msiba mwingine unazaliwa mbele ya macho yangu, na kule mwisho, karibu na kisima, ndiko ilipo nyumba ya mama mdogo.

Kutembea tena sikutaka. Nikapiga kelele.

"Wazima! Wote wazima! Hakuna msiba!"

Sikuwa nimepanga. Mama Zaina akabaki na mikono kichwani, kisha akajibu kama mtu anavyojibu akiletewa habari njema, "Alhamdulillahi!" Nyumba ya pili ikajibu. Nikaendelea, "Wazima wote!" na upande wa pili wakaitikia. Nilipofika katikati ya kijiji barabara nzima ilikuwa inaniitikia, wengine wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nakimbia na kupiga kelele, pumzi inaniishia, ubavu unachoma. Mtu yeyote anayejua mbio angeniambia nimekuwa mwendawazimu.

Mama mdogo alisimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili.

"Sumail mzima, mama! Mimi mzima!"

Hakujibu. Msichana wa Pemba akanipita palepale na sikumpata tena.

Kutoka pale mpaka Olumbi nilikimbia na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha ya kupita kijijini kwangu nikikimbia, mchana kweupe. Hofu kwamba nyuma yangu huenda mtu aliyenilea yuko chini tena, safari hii kwa makusudi yangu. Walinivalisha kitambaa shingoni, wakanipiga picha, nikatabasamu. Akili yangu ilikuwa kisimani.

Nimetoka kwake sasa hivi. Nilipoingia uani mjomba alikuwa anatoka, na salamu yangu hakuijibu. Hilo halitaniua.

Mama mdogo alikuwa anamenya mihogo. Shikamoo yangu ilitoka kama mlango wenye kutu, sauti hakuna. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikakaa chini. Nikachukua kisu cha pili nikaanza kumenya naye.

"Yule alokuja kunambia ya mume wangu," akasema hatimaye, "alikuja kimya. Kimya mpaka hapo mlangoni. Nlimwona kwanza, ndo nkamsikia." Akatupa ganda. "Wewe leo nimekusikia tangu kwa mama Zaina."

Nikachukua muhogo mwingine.

"Mbio zako sizipendi. Ntakufa sizipendi. Ila kama lazima upite, kelele uzianze kule kwenye mikorosho, sio ukishafika. Nijue mapema kama wazima, ndo nifagie kwa amani."

Nililia. Si kidogo. Yeye akanisukumia bakuli la mihogo, akasema nisimwagie machozi chakula cha watu.

Basi iwe hivyo. Kesho alfajiri, watu wakishatoka kuswali, napita mbio katikati ya kijiji changu, na mjomba aite kikao anachokitaka. Sauti sina hata chembe. Nitachukua sufuria ya kambini na mwiko.